Mbwa Aliyeitwa Mtanikoma

Siku mliponifanyia chai ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza ni mnyama gani aliyenitoa jasho kuliko wote katika miaka yangu ya kazi ya mifugo. Kabla sijafungua mdomo wengine walikwisha kujibu kwa niaba yangu: fahali, punda, nguruwe wa misheni. Nikasema ni mtoto wa mbwa. Mkacheka, chai ikaendelea. Mimi sikuwa natania. Sasa nina nafasi ya kukaa barazani na kalamu, basi nieleze vizuri, maana kati yenu wapo watakaopangiwa vijijini. Huko mtaitwa kwa ajili ya ng'ombe, mkifika mtakuta tatizo ni mbwa.

Nilizaliwa Tabora mjini, nyumba ya Kiislamu, baba yangu fundi bati. Kwetu mbwa hakuwa adui, ila hakuwa mgeni wa kukaribishwa. Akikugusa kwa pua yake mbichi, nguo inavuliwa na kufuliwa, na wewe mwenyewe unaoga kama ulivyofundishwa. Miaka michache baada ya uhuru nilipopata kazi ya msaidizi wa mifugo, nyumba nzima ilifurahi. Waliwaza ng'ombe, maziwa, pengine na ngozi. Nilipomweleza mama kwamba kazi yenyewe ina chanjo za mbwa pia, alikwenda kuzungumza na baba. Kesho yake nilikuta nyuma ya nyumba ndoo mpya ya bati, kopo la udongo safi wa kujitwaharishia kando yake, na kamba ya kuanikia nguo zangu peke yake. Hakuna aliyenigombeza. Ila tangu siku hiyo sahani yangu ilikaa rafu yake.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Bwana Nkwabi, Mnyamwezi mrefu aliyeianza kazi hiyo kabla ya uhuru. Alikuwa na sauti ya chini mno, ukitaka kumsikia lazima unyamaze. Nadhani ndiyo sababu wanyama walimpenda. Siku yangu ya kwanza alinichukua kwa baiskeli hadi Ntalikwa kuchanja mbwa. Kazi yangu ilikuwa kubeba kasha la barafu lenye dawa. Tulipofika, mtoto mmoja wa mbwa, mweupe, hata masikio hayajasimama, aliudaka mkono wa shati langu. Nikauvuta kwa nguvu nikakimbia. Akanifuata. Nikazidi kukimbia, naye akazidi kufurahi, na watu waliokuja na mbwa wao wakapata burudani ya bure.

Niliporudi nikihema, Bwana Nkwabi aliniuliza, "Umemfundisha nini?"

"Sijamfundisha kitu, mzee."

"Umemfundisha. Sasa anajua kwamba akiuma, mtu anaruka na kukimbia, na hakuna mchezo mtamu kama huo. Kesho ataumia nani? Mtoto wa mwenye nyumba."

Akakaa chini mavumbini na suruali yake ya kazi, akamwita yule mtoto wa mbwa. Alipoanza kumtafuna vidole, hakuuvuta mkono. Aliulegeza kama kitambaa, akatoa mlio mfupi, "Aa," kisha akageuza uso na kukunja mikono, akatazama kule kama mtu aliyesusa. Mbwa akashangaa. Akamzunguka, akamnusa. Alipotulia, Bwana Nkwabi akamrudia kwa upole kama hakukutokea kitu. Akauma tena, naye akasusa tena. Baada ya muda yale meno yakawa yanagusa tu.

"Hivi ndivyo wanavyofundishana wenyewe kwa wenyewe," aliniambia. "Wakicheza, mmoja akiuma sana, mwenzake analia na mchezo unakwisha. Hakuna mtoto anayependa mchezo uishe. Mbwa aliyeondolewa kwa mama na ndugu zake mapema mno hajapata somo hili. Basi inabidi sisi ndio tuwe ndugu zake."

Jioni ile, nikijimwagia maji nyuma ya nyumba, niliwaza maneno hayo ya kuwa ndugu yake mbwa. Sikumsimulia mama.

Vifaa vyetu vya kazi hiyo vilikuwa vichache na haviwezi kuwekwa kwenye maonyesho. Kipande cha ngozi kavu ya ng'ombe, kilichochemshwa kikakaushwa tena, cha kumpa mbwa atafune badala ya mkono. Kamba ya magome ya miti, iliyosokotwa nene na kufungwa fundo katikati. Ugali kidogo wa kumlisha kwenye kiganja kilichonyooshwa, ajue mkono huleta chakula. Fimbo haikuwemo. Bwana Nkwabi alisema mbwa anayepigwa kwa sababu ya kuuma hajifunzi kuacha kuuma. Anajifunza kwamba mkono ni adui, na adui huumwa kwa nguvu zaidi. Alisema pia kwamba mtoto wa mbwa aliyechoka huuma ovyo kama mtoto wa binadamu anavyolia usingizi ukimkamata, kwa hiyo mara nyingine dawa ni kumwacha alale. Ushauri huu wa mwisho nimewapa akina mama wengi kuhusu watoto wao wenyewe, wala hakuna aliyenilipa.

Nilifanya naye kazi hadi Bukene na huko kote reli inakopita. Alipostaafu alinirithisha kasha la barafu na ile kamba ya magome. Halafu ikaja miaka ya vijiji.

Nyote mmeisoma historia ya Ujamaa shuleni, sitairudia. Nitasema tu jambo ambalo vitabu havikuliandika, maana linahusu mbwa. Kabla ya vijiji, watu wa huku kwetu walikaa mbalimbali, kila mji wa mtu na mashamba yake na pori lake. Mbwa alimjua mwenyewe na watoto wa mwenyewe. Mwingine yeyote alikuwa mpita njia au fisi. Mara watu wakakusanywa, nyumba zikapangwa mistari, mlango ukitazamana na mlango. Wanadamu waliitiwa mikutano wakaelezwa. Mbwa hakuna aliyewaeleza. Katika msimu mmoja niliitiwa visa vya kuumwa vingi kuliko vyote nilivyoviona tangu nianze kazi.

Kijiji ninachotaka kukisimulia kilikuwa nje ya Usoke, nilikokuwa na kituo changu, upande wa mashamba ya tumbaku. Mwenyekiti alituma mtu kwa baiskeli kuniita upesi. Binti mdogo aitwaye Tatu alikuwa ameumwa mkononi na mtoto wa mbwa wa jirani, na mgambo walikuwa wamekwisha kupewa amri ya kumuua mbwa huyo.

Nilifika asubuhi. Nikauangalia mkono wa Tatu. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa mtu wa Tabora mjini kama mimi. Mumewe alikuwa karani wa ghala la tumbaku na siku nyingi hakuwepo. Alikuwa amekwisha kuliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, jambo lililonifurahisha. Nikaliosha tena.

"Mbwa ana kichaa, kaka?" aliniuliza kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie.

"Sijui, dada. Ndiyo maana nataka awe hai."

Pale nje kamati ilikuwa imekusanyika, na mgambo mwenye bunduki amesimama. Mwenye mbwa naye alikuwepo, Mzee Mihayo, mlina asali, mkavu kama gome la mzinga, amekaa kwenye kigoda pekee kilichokuwa mbele ya nyumba yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Mbwa mwenyewe, mwekundu, tumbo limemvimba kwa uji, alikuwa amefungwa kwenye nguzo akijaribu kumdaka mbu hewani.

"Ndugu Bwana Mifugo," mwenyekiti alisema, "kamati imekwisha kuamua. Mbwa akiuma, anauawa. Tukimwacha huyu, kesho watakuja wengine."

"Ndugu Mwenyekiti, mkimuua leo, hatutajua kama alikuwa na kichaa. Na tusipojua, itabidi mtoto apelekwe mjini akachomwe zile sindano za tumboni, nyingi, na zenyewe mara zipo mara hazipo. Mbwa akifungwa tukamwangalia wiki moja na ushee, akabaki mzima, basi mtoto ni mzima. Huyu mbwa kwa sasa ndiye kipimo chetu."

Watu walinong'ona. Mgambo aliishusha bunduki, nadhani kwa kuchoka tu. Ndipo Bi Mwanaidi aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, "Mwacheni. Mwacheni ale, anywe, awe mzima." Kamati ikakubali.

Nilipewa chumba kwa mwenyekiti nikabaki pale pale kijijini. Mbwa alizungushiwa uzio wa miti, chakula na maji vikasukumwa kwa mti mrefu, na nikapiga marufuku mtu yeyote kumgusa, mimi nikiwemo. Kwa hiyo nilikuwa na muda mwingi wa kukaa na kutazama, na katika kazi yetu kutazama ni nusu ya dawa.

Niliona kwanza jina lake. Mzee Mihayo alimwita Mtanikoma. Mnajua desturi hiyo ya kumpa mbwa jina ambalo limeelekezwa kwa majirani. Kila asubuhi mzee alitoka mlangoni akaita kwa sauti kubwa, "Mtanikoma! Mtanikoma!" na safu nzima ya nyumba ikasikia kwamba itamkoma. Niliona pia kwamba mbwa akimbwekea mpita njia na kuung'ata uzio, mzee alisema, "Ndiyo, baba, ndiyo," na kumsukumia mfupa. Nikajua basi kwamba mbwa huyu hakukosa mwalimu. Alikuwa na mwalimu hodari sana.

Jioni moja nilimkuta amekaa anasuka kamba ya mzinga. Nikaomba kukaa. Hakukuwa na kigoda kingine, nikakaa chini.

"Mzee, huyu ulimchukua kwa mama yake akiwa mdogo sana?"

"Macho yalikuwa yamefunguka."

"Na unamfundisha kuuma?"

Alisuka kwa muda. "Kule kwangu," alisema, "jirani alikuwa moshi tu. Unauona asubuhi, unajua yuko hai, inatosha. Hapa namsikia jirani akikohoa. Namsikia anavyokoroga ugali. Wananisikia mimi ninavyosema na marehemu mke wangu. Nimeambiwa nije, nimekuja. Nyumba nimejenga. Lakini hakuna aliyesema nisiwe na mbwa."

Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali ile ile iliyomleta pale. Niliendelea kukaa hadi mbu waliponiondoa.

Hali ilibadilishwa na mwanamke. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba, Bi Mwanaidi alikuja hadi kwenye uzio, akasimama mbali kidogo, ameshika pindo la kanga lisiguse chochote, akaniuliza swali moja: "Amekula?"

"Amekula, dada."

"Amemaliza?"

"Amemaliza na kulamba bakuli."

Akashusha pumzi akaondoka. Jioni akarudi na swali lile lile. Maana mbwa mwenye kichaa huacha kula, naye nilikuwa nimemweleza hivyo. Siku moja mbwa aliuacha ugali wake kwa sababu ya joto tu, na nilimwona mama yule akikaa chini pale pale mavumbini, hajali tena kanga. Hakulia. Alimtazama mbwa kama mtu anavyomtazama mgonjwa wake.

Mzee Mihayo alikuwa mlangoni. Aliingia ndani akatoka na kibuyu, akadondosha asali juu ya ule ugali kwa ncha ya mti mrefu. Mbwa akanusa, akala wote.

"Amekula," mzee akamwambia Bi Mwanaidi. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema naye. "Mwambie mtoto amekula."

Tangu hapo sikuulizwa mimi tena. Asubuhi na jioni nilisikia, "Mzee, shikamoo, amekula?" na jibu, "Marahaba. Amekula." Baadaye mzee aliniambia, akiwa kama mtu anayenung'unika, "Miaka yote nimefuga mbwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kama mbwa wangu amekula."

Siku za kuangalia zikaisha, mbwa mzima, mnene kuliko siku tulipomfunga. Tatu alikuwa salama. Bi Mwanaidi alinishukuru, akamshukuru Mungu, kisha akaniuliza, "Sasa watamuua?"

Hilo ndilo lililobaki. Kamati ilikutana. Nikaomba nipewe nafasi ya kumfundisha. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezungukwa na malalamiko. Akasema, "Hadi tumbaku ikatwe. Akiuma tena, hata nguo, nisilaumiwe." Kisha akamgeukia Mzee Mihayo. "Na wewe, mzee, unakubali kufundishwa?"

Watu walicheka, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amekosea, alitaka kusema mbwa. Mzee hakucheka. "Mbwa afundishwe," alisema. "Mimi nitatazama."

Lakini hakutazama tu, maana haiwezekani. Mbwa hafundishwi na mgeni anayekuja na kuondoka na baiskeli. Anafundishwa na anayekaa naye, na wote wa mahali pale wafanye namna moja. Mmoja akikemea na mwingine akicheka, mbwa humchagua anayecheka. Nilimwonyesha mzee kuulegeza mkono. Haikumjia kirahisi. Mikono yake ilikuwa migumu kwa kupanda miti, na meno ya mtoto wa mbwa alikuwa hayasikii. "Haniumizi," alilalamika.

"Jifanye anakuumiza, mzee."

"Nidanganye?"

"Fikiri ni mkono wa Tatu."

Akatoa mlio, "Aa," mdogo sana, akageuza uso kwa aibu. Mbwa akaacha. Mzee akanitazama kama mtu aliyeona mzinga ukijaa mbele ya macho yake. Baada ya hapo hakuhitaji kusukumwa. Alisuka kamba yake mwenyewe ya magome, bora kuliko yangu, akampa atafune. Aliacha kumpa mfupa akibweka. Alimpa alipokaa kimya watu wakipita. Mara kadhaa nilipokuja kutoka Usoke nilimkuta amesimama katikati ya uwanja amekunja mikono, ametazama pembeni, amesusa, na mbwa ameketi mbele yake akisubiri asamehewe.

Watoto wa safu ile niliwafundisha jambo moja: mbwa akiwarukia, wasikimbie, wasipige kelele, waweke mikono kwapani na wasimame kama mti. Walilipenda sana hilo. Kwa muda fulani ukipita kijijini ungeona miti mingi mifupi imesimama bila sababu yoyote. Tatu hakusimama nao. Alikaa mlangoni kwao akiushika mkono wake. Sikumlazimisha, na mama yake hakumlazimisha. Siku aliyotoka, alitoka mwenyewe, akasimama hatua chache kutoka kwa mbwa, mikono kwapani, macho ameyafumba. Mbwa akamwendea, akamnusa miguu, akalala kando ya nyayo zake. Mzee Mihayo alikuwa ameishika kamba ya shingo kwa mikono miwili. Tatu alifumbua jicho moja.

"Amelala, babu?"

"Amelala, mjukuu wangu. Umemchosha."

Tumbaku ikakatwa, ikakaushwa, kamati haikusema neno. Ukafika wakati wa kulina asali. Mzee alikuwa na mizinga yake kule pori la kwao la zamani, safari ya kulala huko siku kadhaa, na mbwa mchanga hafai kwenye nyuki. Alifika kwa Bi Mwanaidi, akasimama nje ya kizingiti, akazungumza habari za mvua kwa muda mrefu. Bi Mwanaidi, aliyekwisha kuelewa, alimwacha amalize mvua. Kisha akasema, "Mzee, nitamlisha. Ila kwa upawa wenye mpini mrefu. Unajua dini yetu."

"Hata kwa mti," mzee akasema. "Yeye amezoea."

Nilikuwepo aliporudi, nilikuwa napita na dawa za kupe. Nilimkuta Bi Mwanaidi uwanjani na upawa wake, akimkaripia mbwa kwa lafudhi ya mjini, "Subiri, subiri, huna adabu," na mbwa amekaa, anasubiri. Kopo la udongo lilikuwa kando ya ndoo yake ya kunawia. Nikacheka peke yangu. Akaniona, akasema, "Kaka, wewe mtoto wa Kiislamu, ulikuwa unaishije na kazi hii?"

"Nilikuwa naoga sana, dada."

Mzee akatokea na mzigo wake, ananuka moshi. Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa jirani, akashusha gome lililofungwa majani, lenye asali, akapiga hodi. Bi Mwanaidi alikuwa mita chache nyuma yake, na upawa mkononi, akamwitikia kutoka huko, "Karibu, mzee," akaja mbio kumpokea.

Nimekutana na visa vigumu zaidi baada ya hapo. Nimezika mbwa wengi ambao sikuwahi kupewa muda wa kuwafundisha, na safari moja nilimpoteza mtoto wa mtu kwa sababu dawa ilichelewa, na hilo sitaliandika hapa. Mkiitwa kwa ajili ya mbwa aliyeuma, jeraha lioshwe kwanza, kisha mbwa aachwe hai aangaliwe. Halafu mkae. Mtazameni anayemlisha.

Mara ya mwisho nilipopita kijiji kile, watu walikuwa wameruhusiwa kurudi walikotoka kama wakitaka, na wengi walikwisha kuondoka. Nilidhani sitamkuta Mzee Mihayo. Nilimkuta kwake, amezeeka, Mtanikoma amenyooka kivulini. Nilipoingia uwanjani mbwa aliinua kichwa, akapiga mkia mara mbili, akalala tena.

"Unaona," mzee aliniambia kwa hasira. "Umeniharibia mbwa. Sasa kila mtu anaingia."

Akanyoosha mkono nyuma yake kunichagulia pa kukaa. Vigoda vilikuwa vingi, vipya vya kuchongwa kwa mkono wake, vimepangwa ukutani.